Kilimo cha Bangi: Hatari Inamwangukia Nani?

Habari tatu za miaka ya karibuni zimewachanganya watu kuhusu bangi. Ya kwanza ilitoka Vienna, Desemba 2020, pale Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipopiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne la Mkataba wa 1961. Mitaani ikasikika kwamba Umoja wa Mataifa umeihalalisha. Ya pili ni mfululizo wa taarifa kutoka Lesotho, Zimbabwe, Malawi, Uganda, Rwanda na Zambia, nchi zilizofungua milango ya leseni za kulima bangi ya dawa au ya viwanda. Ya tatu ni kampeni ya urais ya Kenya mwaka 2022, ambamo George Wajackoyah aliwaambia wapiga kura kwamba zao hilo linaweza kulipa deni la taifa. Kura alizopata hazikufika hata asilimia moja, lakini hesabu alizozitaja jukwaani zilibaki vichwani mwa watu. Ndiyo maana leo ni kawaida kumsikia kijana mwenye ekari mbili akiuliza: ikiwa mmea huu huota wenyewe kando ya mto, na ikiwa majirani wanauuza nje, mimi ninazuiwa na nini kuupanda?

Swali hilo linastahili jibu pana kuliko kukaripiwa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba uwezo wa bangi kustawi katika udongo wetu ni jambo dogo katika mjadala. Kati ya mbegu na fedha kuna msururu wa hatari: hali ya hewa, ukungu, maabara, bei, polisi. Kila mfumo wa sheria, ukiwemo wa marufuku, huamua hatari hizo zibebwe na nani, na mara nyingi sana zimebebeshwa mtu mwenye mabega membamba kuliko wote.

Kilichoruhusiwa na kisichoruhusiwa

Tuanze na kura ya Vienna, kwa kuwa ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Jedwali la Nne lilikuwa la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari sana na zisizo na faida kubwa ya tiba. Kuiondoa bangi humo kulikuwa kukiri kwamba ina matumizi ya kitabibu. Lakini bangi imebaki Jedwali la Kwanza, na mkataba bado unaitaka nchi yoyote inayoruhusu kilimo chake iwe na mamlaka ya serikali ya kutoa leseni, kuainisha maeneo na kusimamia ununuzi wa mavuno. Hakuna mkulima wa nchi yoyote aliyepewa ruhusa na kura ile.

Kwa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inahesabu kupanda bangi kuwa kosa zito, na mahakama zimekuwa zikitoa vifungo vinavyofika miaka 30 kwa makosa ya kilimo na usafirishaji. Kenya inatumia sheria yake ya 1994 iliyofanyiwa marekebisho 2022. Ombi la jumuiya ya Marasta, lililofikishwa Mahakama Kuu mwaka 2021, halijafungulia mtu shamba. Uganda ilikuwa na mkanganyiko wake: Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya kwa sababu Bunge lilipitisha muswada bila akidi kuthibitishwa, na watu wakadhani bangi imekuwa huru. Bunge likatunga sheria nyingine, kali. Rwanda ilitoa amri ya waziri Juni 2021, lakini ni kwa ajili ya dawa na utafiti tu. Kuvuta bangi Kigali bado ni kosa kama zamani.

Jua la bure na gharama zake

Wanaotetea kilimo cha shamba la wazi huanza na jua. Katika Canada na sehemu kubwa ya Ulaya, bangi ya dawa hukuzwa ndani ya majengo chini ya taa, na bili ya umeme humeza sehemu nono ya mapato. Kwetu mwanga ni wa bure, ardhi ni nafuu na nguvukazi ipo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inapita haraka juu ya tabia ya mmea wenyewe. Bangi hujua wakati wa kuchanua kwa kupima urefu wa usiku. Mbegu nyingi zinazouzwa na makampuni ya Uholanzi, Marekani na Canada zimezalishwa kwa ajili ya kiangazi cha kaskazini, ambako mwezi Juni mchana unaweza kufika saa 16. Huko mche hukua kwa miezi kadhaa, kisha usiku unaporefuka ndipo unapotoa maua. Mbeya, tofauti kati ya mchana wa Juni na wa Desemba ni kama saa moja tu. Nanyuki, unapopita mstari wa ikweta, tofauti karibu haipo. Mbegu ya kigeni ikipandwa huku hukutana na usiku wa saa 12 tangu siku ya kwanza, ikachanua ingali fupi na mavuno yakawa haba. Makampuni yenye leseni hutatua hilo kwa kuwasha taa usiku ndani ya vitalunyumba. Kwa hiyo yule aliyekuja kufuata jua la bure anaishia tena kulipia umeme.

Aina za kienyeji zimezoea mazingira haya kwa vizazi na hazihitaji taa. Tatizo lake ni jingine: huchukua miezi mingi kukomaa, na viambata vyake hutofautiana kutoka mche mmoja hadi mwingine. Mnunuzi wa dawa hataki tofauti. Anataka kila kilo iwe na kiwango kilekile cha THC, kiambata kinacholewesha, au cha CBD, kisicholewesha, kama anavyotaka kila kidonge kilingane na mwenzake.

Kuna pia suala la dume na jike. Bangi ina mimea dume na mimea jike, na kinachonunuliwa kwa dawa ni maua ya jike ambayo hayajachavushwa. Mgeni wa zao hili asiyejua kuyatambua na kuyang'oa madume mapema huvuna maua yaliyojaa mbegu, yenye utomvu mchache. Hata akiwa mwangalifu, chavua ya bangi husafirishwa na upepo umbali wa kilomita kadhaa. Marekani wakulima wa bangi ya viwanda na wale wa maua wamefikishana mahakamani kwa sababu hiyo. Katika nchi ambayo mashamba ya siri yamejificha kwenye mabonde na misitu, mwenye leseni anayelima wazi hawezi kuizuia chavua ya majirani wasioonekana. Hii ni sababu mojawapo ya wawekezaji kukimbilia vitalunyumba, na haitajwi sana kwenye mijadala yetu.

Mvua nayo ina lake. Maua ya bangi hushonana, na unyevu unaoingia katikati huleta ukungu wa kijivu unaoanzia ndani, pasipoonekana kwa macho, hadi siku ua linapopasuka na kukutwa limeoza. Msimu wa mavuno ukigongana na vuli au masika, shamba lote linaweza kupotea ndani ya wiki moja. Uvunaji wenyewe hutaka jicho: vitezi vidogo juu ya ua hubadilika kutoka uangavu hadi weupe wa maziwa, kisha rangi ya kaharabu. Ukiwahi, viambata havijajaa; ukichelewa, THC inaanza kuvunjika. Baada ya hapo ua hukaushwa polepole kivulini, penye hewa inayozunguka, likipoteza kama robo tatu ya uzito wake. Kinachofaa mahindi juu ya turubai hakifai hapa: jua kali huunguza viambata, na ukaushaji wa kubahatisha huacha vimelea ambavyo mgonjwa mwenye kinga dhaifu hapaswi kuvivuta wala kuvimeza.

Udongo ndio mtihani wa mwisho. Bangi hufyonza metali nzito kiasi kwamba katika miaka ya 1990 ilipandwa karibu na Chernobyl kujaribu kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Sifa hiyo njema kwa mazingira ni balaa kwa muuza dawa. Shamba lililo jirani na machimbo madogo ya dhahabu, mfano wa maeneo ya Geita au Migori, linaweza kutoa mimea mizuri machoni na isipite maabara.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba wazee wa milimani wamelima zao hili miaka na miaka bila maabara. Ni kweli, na maarifa yao, hasa ya kuchagua mbegu, ni hazina ambayo makampuni yangeilipia kama ingekuwa na hati. Lakini soko walilolihudumia halikupima chochote. Mnunuzi wa magendo hubeba gunia kwa bei anayoitaka. Mnunuzi wa dawa hulirudisha gunia kwa sababu ya kipimo kimoja. Kuotesha bangi ni kazi ya mwanzoni tu. Kazi ngumu ni kupata kilo inayopita ukaguzi.

Hoja ya kuendelea na marufuku

Wanaotaka marufuku ibaki wana hoja zisizopaswa kubezwa. Tafiti zinaonyesha kwamba utumiaji wa mara kwa mara wa bangi yenye THC nyingi, hasa ukianza utotoni, unahusiana na ongezeko la hatari ya saikosisi, na nchi zetu zina madaktari wachache mno wa afya ya akili. Pia operesheni za Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya nchini Tanzania, kutoka Arusha hadi Morogoro na Mara, zimekuta mashamba ndani ya hifadhi na kwenye vyanzo vya maji. Kuna pia swali la uwezo wa dola: ikiwa mbegu na mbolea za ruzuku huvuja kabla ya kumfikia mlengwa, nani atahakikisha maua ya hospitali hayavuji kuelekea vijiweni?

Udhaifu wa msimamo huu uko kwenye matokeo. Marufuku imedumu kwa miongo na bangi haijapungua sokoni. Mtu anayelima kando ya chemchemi amekwenda huko kwa kuwa huko ndiko polisi hawafiki upesi, kwa hiyo sehemu ya uharibifu wa vyanzo vya maji inazalishwa na ule msako wenyewe. Na anayenaswa kwa kawaida ni mlimaji au mbebaji, mwenye jembe au mwenye pikipiki, huku aliyetoa fedha za kununua mzigo akiwa mjini. Mfumo huu unaitwa wa kulinda jamii, lakini hatari yake yote imekaa juu ya mtu wa ngazi ya chini.

Leseni za wenye mitaji

Njia ambayo majirani wengi wameichagua ni leseni kubwa kwa ajili ya kuuza nje. Lesotho ilitangulia Afrika nzima mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata 2018 kwa ada ya dola 50,000. Malawi ilitunga sheria 2020, na ada ya leseni ya bangi ya dawa ikawekwa dola 10,000 katika nchi ambayo pato la wastani la mtu halifiki dola 1,000 kwa mwaka. Masharti ya Uganda yalitaja mtaji wa dola milioni 5 na dhamana ya benki. Rwanda ilidai uzio wa tabaka mbili, minara ya ulinzi na kamera. Serikali zina sababu: mkataba wa 1961 unataka udhibiti, na wanunuzi wa Ulaya wanataka cheti cha ubora wa uzalishaji wa dawa. Njia hii huleta ajira za mshahara, kodi, na kiwanda kinachojua kufungasha dawa. Lesotho imefanikiwa kupata kampuni yenye cheti cha Ulaya, na hilo si jambo dogo.

Lakini mkulima mdogo, ambaye jina lake lilitumika kuipitishia sheria bungeni, hayumo. Milimani Lesotho watu wanaendelea kulima bila leseni na kuvusha mzigo Afrika Kusini kama walivyofanya baba zao. Upande wa pili, wenye leseni nao hawakukuta dhahabu waliyoahidiwa. Canada ilipohalalisha mwaka 2018 ilizalisha kupita mahitaji, na mamia ya tani yakateketezwa. Marekani, baada ya sheria ya kilimo ya 2018 kuruhusu bangi ya viwanda yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, wakulima walikimbilia CBD; bei ikaporomoka ndani ya muda mfupi, na waliovuka kipimo hicho kidogo walilazimika kuteketeza mazao. Wakenya walikwishaona mwendo wa namna hiyo kwenye ufugaji wa kware mwaka 2013 na 2014. Waliotajirika walikuwa wauza vifaranga na vizimba, na aliyekuja mwisho alibaki na ndege wasio na mnunuzi. Anayetangaza semina za kilimo cha bangi leo yuko kwenye nafasi ya muuza vifaranga.

Miche ya nyumbani

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kutumia bangi faraghani, na Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa akatia saini sheria ya kuliweka jambo hilo kwenye maandishi. Ujerumani, tangu Aprili 2024, inamruhusu mtu mzima miche mitatu. Ubora wa mfumo huu ni kwamba makosa ya anayejifunza yanamgharimu yeye mwenyewe: ukungu ukila mche wake hakuna mkopo wa benki uliopotea, na polisi wanabaki na muda wa kufuata wafanyabiashara wakubwa.

Kwa anayetafuta kipato, hata hivyo, hakuna kitu hapa. Wakulima wa Pondoland, Afrika Kusini, ambao kwa vizazi wameishi kwa zao hili, sasa wanaruhusiwa kulivuta lakini hawaruhusiwi kuliuza, na mteja wa mjini aliyekuwa akiwategemea anajipandia mwenyewe uani. Na katika nyumba zetu za kupanga, familia sita kwenye ua mmoja na watoto wakikimbizana, sijui faragha ya mahakama ya Afrika Kusini ingewekwa upande gani. Ni mfumo unaolinda uhuru wa mtu mwenye nyumba yake.

Njia ya ushirika

Morocco ndiyo mfano unaotufaa kuutazama kwa muda mrefu zaidi. Sheria namba 13-21 ya mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda, si kwa ulevi, katika majimbo ya Rif yaliyokuwa yakilima siku zote: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Mkulima lazima awe wa eneo hilo na ajiunge na ushirika. Ushirika unauza kwa kampuni yenye leseni kwa mkataba. Wakala wa serikali, ANRAC, anasimamia mnyororo wote. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikadiria kwamba mkulima angepata asilimia 12 ya mapato ya soko halali, ilhali kwenye magendo hupata kama asilimia 4. Mavuno halali ya kwanza, mwaka 2023, yalikuwa karibu tani 300. Mwaka uliofuata yakapita tani 4,000. Aina ya kienyeji, beldia, inayovumilia ukame kuliko mbegu za kigeni, iliingizwa kwenye mpango. Na Agosti 2024 Mfalme Mohammed VI aliwasamehe zaidi ya watu 4,800 waliohukumiwa au kutafutwa kwa makosa ya kilimo hicho. Bila msamaha huo, wajuzi wa zao wangebaki mafichoni na leseni zingechukuliwa na wageni.

Kasoro zipo. Magendo ya Rif bado ni makubwa kuliko soko halali, na mkulima wa ushirika anategemea kampuni inunue kwa wakati. Hapa sisi tuna funzo la karibu: pareto. Mkulima wa Njombe au Nakuru hulipwa kwa kiwango cha sumu kilichomo kwenye ua, na mwenye kipimo ni kiwanda. Kenya ilikuwa kinara wa dunia wa pareto, kisha malipo yakacheleweshwa hadi wakulima wakang'oa mashamba. Tumbaku ya Urambo nayo inajulikana: pembejeo kwa mkopo, daraja analopanga mnunuzi, deni linalobaki kwa mkulima. Bangi ya dawa ina sifa za mazao yote mawili, kisha inaongeza jela. Ushirika usio na maabara huru utakuwa AMCOS nyingine, chama cha ushirika cha mazao kinachokusanya malalamiko.

Uzito uko wapi

Nikizipima njia hizi kwa kigezo cha nani anabeba hatari, leseni ya mitaji mikubwa ndiyo ninayoikataa kwanza kwa nchi zetu. Inamfungulia mlango mwekezaji na kumwachia mwanakijiji sheria ileile ya jela, kwa mmea uleule. Heri marufuku ya wazi kuliko mpangilio huo, kwa kuwa marufuku angalau haimdanganyi mtu. Lakini marufuku nayo, kwa sura yake ya sasa, inatoa adhabu isiyolingana na kosa: mtu mwenye miche michache kati ya mihogo hapaswi kutazamwa kama msafirishaji wa magunia, na kutenganisha wawili hao kisheria hakuhitaji kuhalalisha chochote.

Mfumo wa ushirika ndio wenye nafasi ya kumfaa mkulima, kwa masharti ambayo bado hayapo. Kwanza, mnunuzi aliyesaini mkataba kabla mbegu haijaingia udongoni, si baada. Pili, maabara isiyomilikiwa na mnunuzi, na haki ya mkulima kupima sampuli yake mara ya pili. Tatu, mbegu za kienyeji zifanyiwe utafiti na kusajiliwa kwa jina la jamii zilizozitunza, kabla kampuni ya nje haijafanya hivyo. Nne, hasara ya shamba lililovuka kipimo igawanywe, isiwe ya mlimaji peke yake. Atakayesema masharti haya ni mazito ana haki. Ni mazito kwa sababu zao lenyewe ni zito, na soko la dunia limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kujaa kabla ya sisi kufika. Nchi isiyo tayari kuyagharimia ina mazao mengine ya kushughulikia yenye wanunuzi wa uhakika, kuanzia parachichi hadi alizeti.

Wabunge wanaoliibua suala hili wanapaswa kuulizwa kuhusu maabara na mikataba kabla ya kuulizwa kuhusu mabilioni. Na hadi hayo yawe yameandikwa kwenye sheria, yeyote anayemshauri mkulima wa Tanzania au Kenya kupanda bangi msimu huu kwa sababu majirani wameruhusiwa, anamshauri kuuza miaka yake ya uhuru kwa bei ambayo hakuna aliyeahidi kumlipa.